Hema la Mwisho Kabla ya Choo

Choo cha kambini kilikuwa shimo, ubao wenye tundu, na debe la maranda. Ukimaliza unamwaga maranda juu, unatoka, unajifanya hujatokea huko. Nusu ya wanamapinduzi wetu hawakumwaga. Walijua benki ipi inamilikiwa na nani, lakini kuchota maranda kwa kopo ilikuwa kazi ya watu wengine. Naanza na choo kwa sababu hema letu lilikuwa la mwisho kabla ya choo, na upepo wa Stockholm mwezi wa nne hauna adabu.

Kambi ilikuwa kiwanjani nyuma ya safu ya nyumba za zamani za mbao, upande wa kusini wa jiji. Wakubwa wa jiji walitaka kuzibomoa wajenge ghorofa la kuegesha magari. Watu wakaja na mahema, wakakaa mbele ya makatapila, wakakataa kuondoka. Mimi nilikuwa nikija kwa treni kutoka kwetu Sundbyberg baada ya shule, na begi la vitabu mgongoni, nikiwa nimemwambia Mama kwamba niko kwaya. Sauti yangu ni ya bata. Mama aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Sisi wa hema la mwisho tulikuwa watu wasiotakiwa kwenye picha. Kulikuwa na waoka mikate wawili, wanaume, wanaoishi pamoja na kugombana kuhusu hamira kama watu wa ndoa ya miaka mingi. Kulikuwa na wasichana wa chuo waliokuja wakishikana mikono na kuondoka wakiwa wameachiana, maana nje kuna macho. Kulikuwa na mimi, niliyejijua tangu darasa la saba kwa sababu ya golikipa mmoja wa mpira wa mikono ambaye mpaka leo hajui kutamka jina langu. Nyumbani hakuna aliyejua. Na kulikuwa na Dada wa Jordbro.

Namwita hivyo kwa sababu anakaa Jordbro na kazi yake iko huko huko, kwenye ghala la vipuri, anaendesha foklifti. Alipozaliwa walimtazama wakasema mvulana, na yeye amekuwa akiwasahihisha tangu alipoanza kusema. Ni mrefu kuliko mlango wa hema, ana mabega ya mtu wa ghala, anavaa sketi ya sufu na buti za kazi, na akicheka anacheka kwa pua. Ndiye aliyetukusanya. Alipita hema kwa hema akiuliza nani amechoka kukaa kimya kuhusu nafsi yake, tena aliuliza kwa sauti, kama anauliza nani ana kiberiti. Bila yeye waoka mikate wangekuwa wamekuja kugawa mikate tu, na mimi ningekuwa nimekuja kula.

Niseme wazi kwa wasiojua: kitabu cha serikali cha magonjwa kinatuhesabu sisi wagonjwa, hata sasa ninapoandika, miaka hii ya sabini. Tumo humo pamoja na wazimu wa aina mbalimbali. Kwa hiyo kambini, mahali penye watu walioapa kutoamini neno lolote la serikali, neno hilo moja walikuwa wameliamini. Kijana mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ugonjwa huo unaambukiza. Nikamwambia kwa huzuni kwamba kwa hewa hapana, ila kwa viti vya kukunja ndiyo, hasa vile vya turubai. Kuanzia siku ile hakuna aliyeazima viti vyetu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu waoka mikate wakaniambia yule kijana yuko mwaka wa mwisho wa udaktari, nikaacha kucheka.

Sasa mwenyekiti. Kamati ya kambi ilikuwa na mwenyekiti mwenye ndevu na sweta iliyofumwa na mtu aliyempenda sana au kumchukia sana. Aliwahi kwenda Tanzania kutazama vijiji vya ujamaa, akarudi na kofia ya kusuka, ugonjwa wa tumbo na neno moja: ndugu. Alilitamka en-dugu. Aliita watu wote hivyo, akawafundisha na wengine, mpaka likaandikwa kwenye bango kubwa la getini kwa rangi nyekundu. Alipogundua mimi natoka wapi macho yalimlegea. Mimi nililetwa huku nina miaka mitano, na kuhusu ujamaa najua yale tu ambayo Baba hubishania na wageni siku za Jumapili. Haikumzuia. Alinishika bega, akaniita en-dugu, akaniuliza kama nimekula.

Hema letu hakuwahi kuingia. Bango letu nalo liliwekwa kwenye uzio wa nyuma, likiangalia ukuta wa kiwanda. Tulipouliza, alisema suala letu ni muhimu sana ila wakati wake bado. Kwanza nyumba, kisha tabaka la wafanyakazi, kisha sisi. Dada wa Jordbro, ambaye alikuwa ametoka zamu na mikono bado ina grisi, akamuuliza yeye ahesabiwe kwenye tabaka lipi wakati anasubiri. Mwenyekiti akasema hilo ni swali zuri. Namchukia mtu anayejibu hivyo.

Haya yote ningeweza kuyageuza vichekesho, na niliyageuza. Kilichonishinda ni blanketi.

Usiku waoka mikate walikwenda kazini, wasichana wakarudi mabwenini, mimi nilikuwa Sundbyberg nikifanya hesabu, na Dada wa Jordbro alibaki peke yake kulinda hema. Siku moja nilifika mchana nikakuta blanketi lake limeanikwa kwenye uzio, na harufu yake haikuwa ya choo, ilikuwa mpya. Kuna watu walifungua mlango wa hema wakamkojolea akiwa amelala. Walikuwa wanacheka. Si polisi, polisi walikuwa nje ya uzio, wanajulikana. Hawa walikuwa wa kwetu. Walimaliza, wakafunga suruali, wakarudi kwenye moto kuimba kuhusu mshikamano.

Dada wa Jordbro akasema halali tena pale. Kambi ilikuwa na hema la wanawake, lina jiko la kuni, lina mlango unaofungwa kwa ndani, na wanawake hupokezana kukaa mlangoni. Akaenda kuwaomba alale humo. Wengi wakamwambia karibu. Wachache wakasema wangependa jambo liamuliwe rasmi. Mwenyekiti akasikia neno rasmi, na masikio yakamsimama. Akatangaza kwamba hilo ni jambo la kambi nzima na litakwenda kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi. Yaani wanaume, pamoja na wale waliokojoa, wapige kura kuhusu nani alale na wanawake.

Halafu akanijia na tabasamu. Alikuwa na wazo. Mkutano ufunguliwe kwa salamu za mwanamke wa Kiafrika, na mama yangu je, asingependa? Nikasema labda. Akasogea karibu zaidi, akanuka vitunguu, akasema pengine baada ya salamu Mama angeweza kueleza wanawake wa kwao wanalionaje suala la hema. Nikamwelewa hapo hapo. Kuna neno alilitaka lisemwe, na kwa mdomo wake lingenuka. Alitaka kulipitisha kwa mdomo wa Mama, ambapo lingeitwa utamaduni.

Ningeweza kukataa. Lakini nilimwendea Dada wa Jordbro nikamweleza kila kitu, akaniuliza mama yangu atasema nini. Nikasema sijui, na ilikuwa kweli. Akafikiri, akapenga kamasi.

"Basi mlete," akasema. "Yule mwenyekiti tayari najua atasema nini."

Mama anafanya kazi kwenye dobi la hospitali, kule chini kwenye mvuke, anafua mashuka ya wodi. Ni Mlutheri wa Korogwe asiyependa uchafu, uvivu, na nyumba kubomolewa. Nilimwambia kuna mkutano wa kuokoa nyumba. Jumamosi akaja amevaa kitenge juu ya suruali ya kuteleza kwenye theluji, na ndoo ya maandazi. Alipokanyaga matope ya getini akanigeukia.

"Hii ndiyo kwaya?"

Nikasema mazoezi yameahirishwa. Akasema tutaongea nyumbani.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Kiswidi cha Mama. Waswidi wana neno la kumtaja mwanamume, han, na la kumtaja mwanamke, hon, na huwezi kusema habari ya mtu bila kuchagua. Sisi mtu ni yeye, basi. Unaweza kumsengenya mtu kutwa nzima na msikilizaji asijue ni mume au mke. Baba amejifunza kuchagua. Mama hajajifunza. Msimamizi wake wa kwanza dobini alikuwa mwanamke, akasikia hon, hon, hon, akaichukua yote. Kwa Mama, Sweden nzima ni hon: padri ni hon, fundi bomba ni hon, mfalme ni hon. Kila Mswahili wa hapa ninayemjua amewahi kuteleza hapo, ila Mama hatelezi, amehamia.

Basi akapanda kwenye kreti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza kwa Kiswidi chake. Alisema nyumba hizi zina paa, zina madirisha, zina meko, sasa mnazivunja ili gari lipate pa kulala? Wakapiga makofi mpaka kunguru wakaruka. Akasema anamshukuru mwenyekiti, hon amemwalika. Watu wakacheka kwa upole. Mwenyekiti akamwinamia akasema, kwa sauti ya kufundisha, kwamba yeye ni han. Mama akaomba radhi, akaendelea, akasema hon ana sweta nzuri. Mwenyekiti akamsahihisha tena. Masikio yake yalikuwa yanaanza kuwiva. Mama akaomba radhi tena, akafikiri kidogo kama mtu anayevuka barabara, akasema: han. Mwenyekiti akashusha pumzi.

Maandazi yakapita. Kisha mwenyekiti akagonga meza kwa mchi mdogo wa kupondea viazi, ndiyo ilikuwa nyundo yake, akasema kuna mwenzetu mmoja, akamwonyesha Dada wa Jordbro kwa kidole, han anaomba kulala katika hema la wanawake, na pengine en-dugu wetu kutoka Tanzania angetuambia wanawake wa kwao wangejisikiaje. Dada wa Jordbro alikuwa amesimama nyuma, mikono mifukoni. Alikuwa amekuja na begi lake limefungwa tayari. Akikubaliwa anaingia, akikataliwa anarudi karibu na choo au anaondoka.

Mama akaniuliza kwa Kiswahili huyu anasema nini, nani anataka kulala wapi. Nikamweleza: analala pale karibu na choo, wamemkojolea, anaomba kulala kwa wanawake. Kiswahili kikanipitisha mlango ule wa han na hon bila kuniuliza kitambulisho.

"Nani kamkojolea?"

"Hawa hawa, Mama."

Akawatazama. Walikuwa wanatafuna maandazi yake.

"Na yeye ni mwanamke?"

"Mwenyewe anasema ndiyo. Mwenyekiti anasema siyo."

Mama akamtazama Dada wa Jordbro kuanzia kwenye buti mpaka kichwani, polepole, jinsi anavyokagua shuka likitoka kwenye mashine. Mama namjua, anaweza kwenda upande wowote. Halafu akamuuliza mwenyewe, kwa Kiswidi, kwenye kipaza sauti:

"Wewe. Han au hon?"

Nadhani kwa wiki zote zile hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hon," akasema Dada wa Jordbro.

Mama akamgeukia mwenyekiti. Akasema vema, hon anaomba kulala ndani, kuna baridi.

"Han," akasahihisha mwenyekiti. Nafikiri ilimtoka tu, alikuwa ameshazoea.

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli. Sikumwona akifanya kiburi. Alikuwa mtu aliyefundishwa kanuni muda mfupi uliopita na sasa mwalimu anaivunja.

"Wewe umeniambia wewe ni han," akasema. "Nikakubali. Sikukuomba ushahidi. Hon ananiambia ni hon. Sasa tatizo liko wapi?"

Wanawake wa hema la jiko wakapiga vigelegele, au kile Waswidi wanachofikiri ni vigelegele. Mama akaniambia nitafsiri jambo moja zaidi, maana Kiswidi kilikuwa kimemwishia: "Mwambie tangu nimefika ananiita ndugu. Kwetu ndugu halazwi chooni." Nikatafsiri. Niliongeza chumvi kidogo kuhusu ndevu, ambayo Mama hakuisema.

Na hapo, katika hadithi nzuri, wangeona aibu.

Mwenyekiti alimshukuru en-dugu kwa mchango mzito. Alisema umefungua maswali makubwa yanayohitaji uchambuzi wa kina. Kwa hiyo anapendekeza jambo liahirishwe mpaka Jumamosi ijayo, na wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka. Mingine ilikuwa inang'aa mafuta ya maandazi. Yule daktari mtarajiwa aliinua. Baadhi ya waliopiga vigelegele waliinua, kwa sababu kuahirisha si kukataa, na watu wazuri wanapenda sana kitu kisicho kukataa. Mchi wa viazi ukagonga. Nilitamani kutapika, tena juu ya sweta.

Mama akauliza wameamua nini. Nikamwambia wameahirisha.

"Na leo analala wapi?"

"Palepale."

Mwenyekiti alikuwa anakuja na mikono yote miwili mbele, kumpongeza, pengine kumwomba arudi na wimbo. Mama akampa ndoo tupu ashike, kama unavyompa mtu aliyesimama bure, akamwendea Dada wa Jordbro, akachukua begi lake lililofungwa, akaanza kutoka nalo getini. Dada wa Jordbro akaniangalia. Nikamwambia amfuate, Mama haachii mzigo akishaushika.

Baba alikuwa safarini kikazi. Mama alipika ugali wa semolina, tena mgumu, wa heshima, akamwekea mgeni sahani ya kwanza. "Kula, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili, nami nikatafsiri, nikaona mtu mkubwa vile mwenye mabega vile akitazama sahani yake kwa muda kabla ya kuigusa. Akalala kitandani kwangu, kwenye shuka za maua ya buluu ambazo Mama huwatolea wageni. Mimi nililala chini. Asubuhi tulikunywa chai, akatuaga, akasema hasubiri Jumamosi ya mtu yeyote. Alikuwa amekunja shuka zile kona kwa kona.

Mlango ulipofungwa, Mama akaingia chumbani kwangu na glavu za mpira.

Alizishika shuka kwa ncha za vidole akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga mafundo mawili. Akasema kesho atazipeleka kazini, kuna mashine ya wodi za magonjwa ya kuambukiza, ile inachemsha.

"Mama, jana ulisema hon."

"Nilisema. Hata kesho nitasema. Ni mtu mzuri, ana adabu kuliko wale wote."

"Sasa?"

"Sasa shuka zitachemshwa. Wameandika kwamba ni ugonjwa. Mimi si daktari."

Akaenda kuvaa aende kanisani. Mwenyekiti nilimchukia kwa raha, kama unavyokuna kipele. Hili halikuwa na raha. Nilikaa chini kwenye godoro nikautazama ule mfuko, nikapiga hesabu zangu. Kama ugonjwa huo unakaa kwenye shuka, basi Mama amekuwa akiufua wa kwangu tangu nilipoacha kukojoa kitandani, kwa mikono mitupu, akiupiga pasi, akiupanga kabatini kwa rangi.

Kwa hiyo nikafungua mafundo. Nikatoa shuka za maua ya buluu, nikatia mfukoni shuka safi za kitanda chao yeye na Baba kutoka kabatini, nikafunga mafundo mawili vilevile. Zile za maua nikazitandika kwangu, nikalala juu yake Jumapili usiku, vizuri kabisa.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda kambini. Dada wa Jordbro alikuwa amehamisha hema letu lote, akalifunga kwenye nguzo ya hema la wanawake, ubavu kwa ubavu, na mwanamke mmoja wa mlangoni alikuwa anakata turubai la katikati kwa mkasi ili joto la jiko lipite. Mwenyekiti alisimama pembeni akisema kwamba kwa utaratibu hilo halijaamuliwa. Mwanamke yule alimwomba ashike turubai, akashika. Waoka mikate walikuwa wanalipeleka bango letu getini. Dada wa Jordbro aliniuliza habari za Mama. Nikasema hajambo.

Nyumbani nilimkuta Mama ametoka kazini kabla yangu. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu na shuka zao mkononi, zimechemshwa mpaka zimesinyaa, na alikuwa anaangalia kitanda changu. Maua ya buluu yanaonekana toka mbali.

"Hizo umezilalia?"

"Nimezilalia."

"Toka jana?"

"Toka jana."

Akazihamisha zile zake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nilidhani atanigombeza kuhusu ule mfuko, na nilikuwa nimeshaandaa mzaha, mzuri, kuhusu Baba na magonjwa ya kuambukiza.

"Unajisikiaje?" akauliza.

"Kama siku zote, Mama."

Hakuingia, hakuondoka. Alibaki pale akiwa ameshika shuka zake, akinitazama usoni kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kidogo mno, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumchekesha.